Siku Mama Tekla Alipopewa Uwanja

(Nimeinakili kutoka kwenye daftari langu la miaka ya tisini, nilipokuwa afisa utamaduni wa tarafa kule Kibaoni, wilaya ya Mpanda. Majina ya watu nimebadilisha. Mengine nimeyaacha yalivyo, hata yale yanayoniaibisha.)

Kibaoni. Jumapili, mwisho wa Julai 1996.

Asubuhi baridi, mchana vumbi, na sasa jioni moshi wa watu wanaochoma nyasi kule bondeni. Macho yananiwasha. Miguu imevimba kwa kusimama tangu saa saba. Nimekaa kibarazani na daftari juu ya goti kabla giza halijaingia, maana nikiingia ndani nitalala na nguo zangu.

Nimechoka na makabila.

Nimeiandika hiyo sentensi na kuitazama. Mtu mwenye kazi kama yangu hatakiwi kuiandika. Kazi yangu ni kutoa vibali vya ngoma, kupanga vikundi siku za sherehe, na kusema "tofauti zetu ndizo utajiri wetu" mbele ya wageni wa wilaya. Watu wananiita Bibi Utamaduni. Mimi ni Mfipa. Wenyeji wa hapa ni Wapimbwe, wakulima wa mahindi na mpunga. Wageni ni Wasukuma, waliokuja na ng'ombe wao kutoka kaskazini, wengine zaidi ya miaka kumi iliyopita, na bado wanaitwa wageni. Katikati yao kuna mimi na mhuri wangu.

Acha nieleze tangu mwanzo. Nikiruka kitu leo, mwakani nitajidanganya kwamba nilifanya vizuri.

Wiki tatu zilizopita nilimpa kibali Masanja, manju wa Kisukuma. Manju ndiye anayetunga nyimbo na kuongoza ngoma, na huyu ni fundi kweli. Mwembamba, mrefu, sauti inafika ng'ambo ya mto bila kipaza. Siku ya mnada uwanja ulijaa, Wasukuma upande wa ng'ombe, Wapimbwe upande wa maduka. Aliimba kwa Kisukuma karibu saa nzima. Halafu, ili wenyeji wasibaki nyuma, akatoa ubeti mmoja kwa Kiswahili:

*Mwenyeji wangu jembe lake kata,*
*shamba lake kilabu cha mama.*
*Mvua ikinyesha anauliza: imeiva?*
*Tusingekuja, mngekula nini?*

Kata ni ile ya kuchotea pombe. Katibu Tarafa wetu, aliyesimuliwa wimbo bila kuusikia, alidhani inatukanwa ofisi ya kata. Nilihitaji nusu saa kumwelewesha, na nilipomaliza alikasirika zaidi.

Sasa niungame.

Nilicheka.

Sikutabasamu. Nilicheka kwa sauti, kichwa nyuma, mkono kifuani. Lile "imeiva?" lilinikuta sijajiandaa. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha mbele, kiti cha serikali, na Wapimbwe waliokuwa kimya upande wa maduka wote waliniona. Miongoni mwao alikuwa Mama Tekla.

Mama Tekla ni jirani yangu. Nilipohamishiwa hapa na mtoto mdogo mgongoni na godoro moja, yeye ndiye aliyeniletea moto kwenye kigae. Kilabu cha pombe anachoendesha ndicho kilichomsomeshea watoto wake. Mume wake, marehemu Kosmas, alikunywa mpaka ini likamshinda. Alimzika mwaka juzi, na mimi nilikaa naye matanga.

Tangu siku ile ya mnada hakunisalimia. Tunachota maji bomba moja, ananipisha kama anavyompisha mkaguzi wa shule.

Hakuna aliyepigwa. Nasisitiza hilo kwa sababu ndilo neno nililoandika katika kila taarifa: hali ni shwari. Shwari yenyewe ilikuwa hivi. Siku mbili baada ya ngoma, Bwana Pius, Mpimbwe mwenye mashine ya kusaga, alianza kusema mashine imeharibika. Iliharibika kila akitokea Msukuma na gunia. Akiondoka, inapona. Wanawake wa Kisukuma wakarudi kutwanga kwenye vinu, na sauti ya vinu alfajiri ikawa kama wanatutwanga sisi. Wasukuma nao wakazuia mikokoteni yao ya ng'ombe. Mpunga wa Wapimbwe ukabaki umelundikwa mashambani, ndege wakishiba, kwa sababu hapa hakuna mwingine mwenye maksai.

Kila upande ulinijia na hoja zake. Wapimbwe walisema, "Redio inasema kuna uhuru wa kusema, sawa. Lakini si uhuru wa kututukana kwetu." Wasukuma wakasema, "Kwetu? Mtanzania kwao ni wapi?" Wote walikuwa na haki kidogo, na mimi niliwapa wote chai. Sukari iliisha kabla ya hoja.

Wazee walikuwa na utani. Msukuma na mtani wake wanatukanana msibani na hakuna anayenuna. Mimi Mfipa nimetaniwa uchawi tangu chuoni. Mtu akipotelewa na kalamu ananitazama mimi. Nimezoea, ingawa kuna siku sijazoea. Lakini utani una umri. Watu wamezikana, wameoana, wameibiana mbuzi na kusameheana, ndipo wanapata ruhusa hiyo. Hapa Kibaoni Wapimbwe na Wasukuma hawajafika huko, na utani hauletwi kwa barua ya ofisi.

Marufuku ndiyo huletwa kwa barua. Katibu Tarafa aliniita akasema, "Andika." Nikaandika. Wimbo husika usiimbwe popote ndani ya tarafa hadi itakapoamuliwa vinginevyo. Nikapiga mhuri. Ningeweza kumwambia tungoje siku mbili nizungumze na watu. Sikumwambia. Niliogopa ataniuliza kama ni kweli nilicheka.

Matokeo yake ni kwamba waliokuwa hawajausikia wimbo wakautafuta. Anna, binti yangu wa miaka tisa, nilimkuta akiosha vyombo na kuimba "imeiva? imeiva?" Nikamkaripia. Akaniuliza, "Lakini mama, si wewe ndiyo ulicheka?" Vijana wa Kisukuma wakaanza kupita mbele ya kilabu cha Mama Tekla wakipiga mluzi wa wimbo ule, bila neno hata moja. Barua yangu haikutaja mluzi.

Jumatano iliyopita Mama Tekla aliingia ofisini kwangu. Hakukaa.

"Nimesikia umemfunga mdomo yule kijana," alisema.

Nikamwambia ndiyo, amri imetoka, asiwe na wasiwasi tena.

"Nani alikutuma? Mimi nilikuomba?"

Nikamsogezea kiti. Hakukitazama.

"Ukimfunga mdomo, na mimi umenifunga. Wimbo wake umeshasikika, sasa jibu langu nalipeleka wapi? Nipe uwanja."

Nikaanza kumweleza mambo ya amani na utulivu. Alinikatiza. Maneno yake nayaandika kama alivyoyasema, maana nimekuwa nayo kichwani siku zote nne hizi.

"Yule ni mgeni wangu na kazi yake ni kuimba. Sikumwelewa vibaya. Wewe ulilala kwangu siku saba Kosmas alipokufa. Wewe ndiye uliyecheka."

Nilimwambia nisamehe, dada. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Jumapili. Saa nane." Akatoka.

Nilienda kwa Katibu Tarafa kuomba kibali. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu alisema sawa, ila nyimbo ziletwe kwa maandishi kwanza azisome. Nikamwambia Mama Tekla hajui kuandika, na Masanja hutunga akiwa amesimama. Basi, akasema, litakalotokea ni juu yako. Nikasema sawa. Sikuwa na ujasiri. Nilikuwa nimechoka kukataliwa tu.

Nilipanda baiskeli mpaka kwa Masanja, mwendo wa saa nzima kwenye mchanga. Nilimkuta akitengeneza zizi.

"Mwadila, mayu," alinisalimia, kwa heshima kama kawaida. Mayu ni mama kwa Kisukuma.

Nikamweleza: Jumapili ataimbiwa yeye. Atasimama asikilize. Hatajibu siku hiyo hiyo.

"Kwa nini nisijibu?"

"Kwa sababu wewe umeshaimba, yeye hajaimba."

Alifikiri, akapigilia mti mmoja, akasema, "Ni haki." Kisha akauliza huyo mama anaimba vizuri? Nikamwambia sijui, sijawahi kumsikia akiimba. Akacheka, nami nikajizuia.

Sasa leo.

Sijawahi kuona uwanja wa Kibaoni umejaa vile. Watu walitoka kanisani moja kwa moja, wengine na vitabu vya nyimbo mkononi. Wasukuma walisimama upande wao, wamekunja mikono. Mgambo wawili walioletwa na Katibu Tarafa walikaa chini ya ukuta wa ghala. Yeye mwenyewe alikaa kwenye kiti cha mbele. Mimi sikukaa. Nilisimama katikati, mahali ambapo kila mtu angeona uso wangu unafanya nini.

Mama Tekla aliingia na wanawake sita anaopika nao pombe. Hawakuvaa sare. Walishika kata zao za kibuyu, wakawa wanazigonga kwa vijiti, polepole. Akaimba kwa Kipimbwe kwanza, na watu wake wakaanza kuitikia, wale wazee ambao nilidhani hawana tena sauti. Sauti yake si nzuri. Ni ya kukwaruza, ya mtu aliyepulizia moto maisha yake yote. Lakini haikutetereka. Halafu akageukia upande wa ng'ombe, na kama Masanja alivyofanya, akatoa Kiswahili:

*Mgeni wangu alikuja na vumbi,*
*nikampa maji kwa kata hii hii.*
*Ng'ombe wake wakala mihogo yangu,*
*hawakunitukana: wana adabu.*

Uwanja ulipasuka. Wapimbwe walirusha kofia. Hata kwa Wasukuma wenyewe, mzee mmoja wa mbele alishindwa kujizuia, akainamia fimbo yake akitikisika mabega. Ng'ombe ana adabu kuliko manju! Nilimtazama Masanja. Alikuwa ameuma mdomo, anatazama chini, na niliona kabisa kwamba anahesabu mizani ya ubeti ule kama fundi anavyokagua meza ya fundi mwenzake.

Ningefurahi Mama Tekla angeishia hapo. Hakuishia hapo. Alinyanyua mkono, kata zikanyamaza, akaimba peke yake:

*Niliyemzika alikunywa, ni kweli.*
*Nimemwosha mimi, nimemfunika mimi.*
*Wimbo wa Kosmas una mwenyewe,*
*na mwenyewe ndiye mimi.*

Hakuna aliyepiga makofi. Ng'ombe walisikika wakicheua. Nilibana midomo nisilie mbele ya mgambo.

Masanja alitoka upande wao akatembea mpaka katikati. Vijana wake wawili walijaribu kumshika shati. Niliogopa kwamba atavunja makubaliano na kuimba, na nilikuwa nimeshafungua mdomo kumzuia. Hakuimba.

"Mama, sikujua kuna marehemu," alisema. "Nisamehe kwa hilo. Lakini wimbo wangu siuiti uwongo. Watu wa kulala kilabuni mchana wapo."

"Wapo," Mama Tekla alijibu. "Na watu wa kupitisha ng'ombe kwenye mihogo wapo."

"Wapo."

Wakapeana mikono, Masanja akiinama kidogo kama mtoto kwa mama yake. Bwana Pius, akiwa pembeni, alisema kwa sauti ili asikike kwamba mashine kesho itasaga, fundi amekuja. Watu wakacheka, maana hakuna fundi yeyote aliyeonekana Kibaoni mwezi huu. Mzee wa Kisukuma akajibu kwamba na yeye maksai wake wamepona miguu.

Kama ningefunga daftari hapa ingekuwa hadithi nzuri. Katibu Tarafa angeipenda.

Lakini Masanja ni manju, na manju aliyepigwa ubeti hawezi kuondoka mikono mitupu. Nilimkataza kumjibu Mama Tekla. Sikumkataza mengine. Aligeuka kuelekea kwao, akatazama huku na huku kutafuta cha kuimba, macho yake yakatua penye ukuta wa mashine. Alikuwa amesimama pale mtu anayeitwa Elia, anayembebea Bwana Pius magunia. Elia ni Mrundi. Alikuja na wazazi wake wakikimbia vita alipokuwa anatambaa, akakulia kwenye makazi ya wakimbizi, na sasa ana watoto wake. Masanja akarusha wimbo mfupi, mwepesi, wa kuchangamsha:

*Mimi nina kwetu, mama ana kwake,*
*mtwishe gunia asiye na kwao!*

Wasukuma wakaudaka. Wapimbwe wakaudaka. Wanawake wa Mama Tekla wakaanza kugonga kata zao, na Mama Tekla mwenyewe, uso ukiwa bado na machozi, akaitikia. Kwa mara ya kwanza katika wiki tatu uwanja mzima uliimba wimbo mmoja. Watoto walirukaruka. Katibu Tarafa alisimama, akanishika bega, akaniambia, "Unaona? Huu ndio umoja tunaoutaka. Uandike vizuri kwenye ripoti."

Elia alitabasamu. Alitabasamu vile mtu anavyotabasamu akipigwa picha asiyoitaka. Aliinua mkono kidogo kama kuwapungia, akapita nyuma ya ukuta.

Sikucheka. Lakini sikuwazuia pia. Nilikuwa katikati ya uwanja, kila mtu ananiona, na nilichosikia ndani yangu ni ahueni. Nilijisemea: angalau sasa wanaimba pamoja.

Watu walipotawanyika nilikwenda nyuma ya mashine. Nilimkuta Elia amekaa juu ya magunia matupu, anashona moja lililopasuka kwa sindano ndefu. Alisimama haraka akanipa nafasi ya kukaa. Nikamwambia nimesikia ule wimbo na sikuupenda. Akasema, "Ni utani tu, mama."

Nikamwambia Mama Tekla alipewa uwanja ajibu. Na yeye ana haki hiyo hiyo. Nikasema nitamwandikia kibali mimi mwenyewe, Jumapili ijayo, yeye na wenzake, ngoma zao na lugha yao. Nilikuwa nazungumza kwa moyo. Nilijisikia mtu mzuri kwa muda wa kama dakika moja.

Alishona mishono mitatu kabla ya kunijibu.

"Mama, ruhusa yangu ya kutoka makazini iliisha mwezi wa nne. Nikisimama pale uwanjani, ubeti wa kwanza sijamaliza wataniuliza karatasi."

"Nani atakuuliza?"

Alinitazama mkononi. Nilikuwa nimeshika faili la ofisi, na mhuri wangu uko ndani yake.

Kisha, kwa sababu ana adabu, akabadilisha maneno. Akaniambia yule mama ameimba vizuri sana, hasa pale kwa marehemu. Baba yake naye alikunywa. Akasema kwao wana nyimbo pia za kujibizana, baba yake alikuwa anazijua, yeye anakumbuka nusu. Nikamwomba aniimbie hiyo nusu. Akatikisa kichwa, akasema hapana mama, watu bado wapo njiani.

Nimerudi nyumbani kwa miguu, nikisukuma baiskeli. Mama Tekla amepita sasa hivi mbele ya kibaraza. Amenisalimia. "Umechoka, dada?" ameniuliza, na nimemwambia ndiyo. Nilitaka kumwambia habari ya Elia. Nilitaka kumuuliza, wewe uliyejua wimbo unavyouma, umeitikiaje? Lakini ni wiki tatu sijaisikia salamu yake. Nimelinyamazia swali langu ili niibakize salamu.

Hilo nalo ni ungamo la leo.

Kukicha nina ripoti ya kuandika. Nimeshaamua mambo mawili. La kwanza, nitaomba barua yangu ya marufuku ifutwe, na nitasema wazi kwamba nyimbo zisikaguliwe kabla. Anayeimbiwa apewe mahali pa kujibu, basi. Katibu Tarafa hatafurahi. Huenda nikahamishwa, na kusema kweli leo nikiambiwa nifunge godoro langu sitabisha.

La pili ni Elia. Nikimtaja kwenye ripoti, mtu atasoma jina, atauliza karatasi. Nisipomtaja, ripoti itasema watu wa Kibaoni waliimba kwa umoja, na itakuwa kweli, na itakaa kwenye faili miaka mingi baada ya sisi wote kuondoka hapa.

Kwenye ripoti sitamtaja. Ndiyo maana nimemwandika humu: Elia, anabeba magunia, anashona vizuri, anakumbuka nusu ya nyimbo za baba yake.